Mpeleke mtoto Dunga zaidi ya mara moja

Kila likizo ikikaribia, swali la wazazi wa Kisumu na vitongoji vyake huwa lile lile: tuwapeleke wapi watoto bila kugusa pesa za karo? Wenye magari hutaja Nakuru au Maasai Mara. Wengine hutaja maduka makubwa yenye bembea za plastiki, ambako mtoto hucheza nusu saa, hunywa soda mbili na kurudi nyumbani akiwa amenuna. Mimi huwajibu: Dunga. Na nikishasema Dunga, mzazi hutabasamu akidhani namaanisha samaki.

Samaki wapo, tutawafikia. Leo nazungumzia kinamasi chenyewe, yale mafunjo marefu yaliyopakana na ufuo kusini mwa jiji, mwendo wa tuktuk tu. Wataalamu wa ndege wamekiorodhesha kati ya maeneo muhimu ya ndege duniani, lakini mtoto wa Kondele au Nyalenda anaweza kufika darasa la nane asijue kuna nini mle ndani. Hakuna ua unaokizunguka. Wavuvi, akina mama wasukaji na vijana wanaotembeza wageni ndio wanaokijua, na ndio utakaowategemea ukienda.

Familia nyingi huenda Dunga mara moja, Jumapili alasiri, jua likiwa kali. Hupanda mashua, huzungushwa hadi wanapolala viboko, hupiga picha, hula na kurudi. Mtoto hubaki na kumbukumbu ya masikio mawili yaliyochomoza majini. Si vibaya. Lakini kinamasi kina kalenda yake, na aliyekiona siku moja amekiona nusu. Ushauri wangu ni kwamba uende mara mbili kwa mwaka, tatu ukiweza, mahali pale pale, na umwache mtoto akwambie kilichobadilika. Gharama ya safari hizo zote za tuktuk ni ndogo kuliko mafuta ya kufika Mara.

Tuanze na mafunjo yenyewe, maana bila hayo hakuna Dunga. Kwa Kijaluo ni togo. Ni mmea wenye shina la pembetatu (mwambie mtoto alishike, atashangaa) na kichwa kama ufagio uliotawanyika. Hukua hadi kufikia mita nne au tano, na mizizi yake husukana ikawa godoro linaloweza kuelea. Maji ya mvua yanayoshuka kutoka mjini na mashambani yakiwa na udongo na taka hupunguza kasi yakifika humo, udongo ukatua, mimea ikanyonya sehemu ya uchafu, kisha yakaingia ziwani yakiwa na nafuu. Kwa mtoto wa darasa la nne ambaye amefundishwa kuchuja maji kwa mchanga na makaa, hapa kuna chujio ambalo halikutengenezwa na mtu.

Likizo ya Aprili huangukia masika. Barabara ni tope, viatu vitaharibika, na wazazi wengi huamua kukaa nyumbani. Mimi naona huo ndio wakati wa kwenda, ilmradi uende asubuhi kabla ya mawingu ya alasiri kujikusanya. Mvua ndiyo inayowaamsha viumbe wa kinamasi. Mnana hufuma viota vyao kwenye mashina ya mafunjo, na mtoto anaweza kusimama dakika ishirini akitazama dume mmoja akikata ukanda wa jani, akiufunga, akiupitisha, akianza upya jike asipopendezwa. Vyura hupiga kelele hata msisikilizane.

Halafu kuna kamongo. Watoto wengi wa Kisumu wamemwona sokoni akiwa amekatwa vipande, lakini wachache wameambiwa kwamba samaki huyu ana mapafu. Hata akiwa ndani ya maji mengi, hana budi kupanda juu kuvuta hewa, la sivyo atakufa maji kama mimi na wewe. Maji ya kinamasi hayana oksijeni ya kutosha, kwa hiyo samaki wengi hawawezi kukaa humo, ila yeye anaishi kwa raha. Wakati wa mvua dume hutengeneza kiota pembezoni mwa mafunjo na kulinda mayai na watoto. Maji yakikauka kabisa, kamongo anaweza kujizika kwenye tope na kusubiri miezi hadi mvua irudi. Mwulize kijana anayewatembeza awaonyeshe mahali ambapo maji hutikisika ghafla na kutulia. Mara nyingine ni yeye.

Kuna jambo lingine kuhusu oksijeni hiyo ambalo wazazi waliokulia kando ya ziwa watalifurahia. Wanakumbuka fulu, wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa wengi enzi za babu zetu. Mbuta alipoletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aliwala hata aina nyingi zikapotea. Lakini mbuta ni samaki mkubwa mwenye haja ya oksijeni nyingi. Hapendi kuingia mafunjoni. Wanasayansi waliochunguza vinamasi vya ziwa hili wamekuta baadhi ya samaki wa asili wamejificha humo, mahali adui asipoweza kuvuta pumzi. Kwa hiyo mtoto akitazama ule ukuta wa kijani, anatazama ngome.

Palipo na yungiyungi, mwonyeshe ndege mwenye mwili wa kahawia, bamba la samawati kwenye paji la uso, na vidole virefu kupita kiasi. Anatembea juu ya majani yanayoelea bila kuzama kwa sababu vidole hivyo husambaza uzito wake. Jike hutaga na kwenda zake. Baba ndiye anayelalia mayai, na ndiye anayelea vifaranga. Hatari ikitokea huwabeba chini ya mabawa, vijiguu vikining'inia. Habari hii huwafurahisha sana watoto wa kike, na akina baba mashuani hutazama kando.

Agosti sitakaa nayo sana. Mvua imepungua, anga ni safi zaidi, na ni rahisi kutembea. Ni wakati mzuri wa kuwaona akina mama wakishughulika na togo, kwa maana mashina yaliyokatwa hupasuliwa na kuanikwa juani kabla ya kusukwa, na jua likikosekana kazi hulala. Hutoka mikeka, vikapu, viti, mazulia ya kutandika. Mtoto akikaribia, asikae kutazama tu kama yuko kwenye televisheni. Asalimie, aombe kuonyeshwa. Nimewahi kumsikia mama mmoja mzee akimwambia mvulana wa miaka tisa aliyeuliza kama mafunjo hayataisha: "Nyathina, togo haimalizwi na kisu. Ukikata shina na kuacha mzizi majini, inarudi. Inamalizwa na haraka." Mvulana akamwuliza, "Haraka gani, dani?" Akajibiwa kwamba kuna watu hurudi kukata kabla mmea haujakomaa. Hilo ni kweli: mafunjo yakiachwa miezi kadhaa, hadi mwaka, hujirudia vizuri, lakini yakikatwa tena na tena mzizi huishiwa nguvu. Nunueni kitu, hata kikapu kidogo. Ukimlipa msukaji bei nzuri, unamlipa pia asubiri.

Novemba na Desemba ndiyo likizo ndefu, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Kuanzia Septemba na Oktoba, ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia huanza kufika. Mbayuwayu ndio rahisi kuwatambua. Mchana hutawanyika, na jioni hurudi kwa makundi kulala kwenye matete na mafunjo. Mweleze mtoto kwamba ndege huyo mwenye uzito usiofika wa tembe chache za pipi alivuka jangwa la Sahara kuja hapa, na kwamba kufikia Aprili atakuwa ameondoka tena. Kama alikuja nawe mwezi wa nne akaona anga tupu, sasa ataelewa tofauti. Siku ya Ndege Wahamao duniani huadhimishwa mara mbili, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, nayo ni kisingizio kizuri cha kumwamsha kijana mapema.

Wapo pia wasiohama kabisa. Gonoleki wa mafunjo ana mgongo mweusi, kifua chekundu kama nyanya iliyoiva, na utosi wa manjano. Hakai kwingine ila kwenye mafunjo. Ukimwondolea mafunjo, umemwondoa yeye. Wageni hutoka mbali na darubini za bei ghali kumtafuta, na wengi humsikia kabla ya kumwona, kwa sababu dume na jike huimba kwa kupokezana hata ukadhani ni ndege mmoja. Mchezo ninaowapa watoto ni huu: fumbeni macho, mhesabu ni wangapi wanaoimba, kisha mfumbue. Furukombe hahitaji kutafutwa. Yuko juu ya mti, kichwa cheupe, na sauti yake inasikika ng'ambo. Mdiria madoadoa ataonekana akisimama angani mahali pamoja, mabawa yakipepea, kabla ya kujitupa majini kama jiwe.

Mkibahatika kufika karibu na mwezi mwandamo, huenda mkaona nguzo za moshi zikisimama ziwani bila moto. Si moshi. Ni vijidudu vidogo vinavyotoka majini kwa mamilioni, vikaishi muda mfupi tu wa kuzaana. Haviumi, ingawa vitaingia puani na kwenye chai. Mbayuwayu hujilia kama wako harusini.

Kuhusu nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, nakuomba usimwahidi mtoto. Ni mwoga, na akiogopa huweza kujizamisha akabakisha pua. Anayetaka kumwona mnyama wa uhakika apitie Hifadhi ya Impala ya Kisumu, iliyo njiani kuelekea Dunga. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1992, na impala hutembea huru kati ya miti karibu kabisa na jiji. Ni ya KWS, na malipo hufanywa kupitia eCitizen, kwa hiyo maliza shughuli hiyo nyumbani kwenye simu, usije ukahangaika na mtandao langoni watoto wakilia. Watoto wadogo wataifurahia. Wale wa miaka minane kwenda juu, kwa maoni yangu, watajifunza zaidi kinamasini.

Januari na Februari ni kiangazi, na ndio wakati ambao sipendi kuutaja lakini lazima niutaje. Mafunjo hukauka, na baadhi ya watu huyatia moto. Wengine hutafuta majani machanga ya ng'ombe, wengine hutayarisha shamba la sukuma wiki na nduma. Mafunjo yaliyoungua huweza kuchipua iwapo mizizi bado iko majini. Yaliyochimbuliwa na kulimwa hayarudi. Mtoto aliyeona gonoleki Desemba akaja Februari na kukuta majivu atakuuliza maswali, na usimdanganye.

Mimi sina ujasiri wa kumlaumu mama anayepanda sukuma wiki pembezoni mwa kinamasi ili alipe karo ile ile tunayoilalamikia sote. Anayenikera ni yule mwenye nyumba nyingine mbili mjini anayenunua ploti kwenye tope, akamwaga malori ya mawe na udongo, kisha maji yakiingia sebuleni anailaumu serikali. Mwaka wa 2020 sote tuliona. Mwezi wa Mei ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, vibanda vya ufuoni vikaingiwa na maji, viboko wakakosa malisho yao ya kawaida wakasogea karibu na makazi. Ziwa halijui hatimiliki. Ukienda na kijana wa shule ya upili, mwonyeshe mpaka kati ya mafunjo na nyumba, kisha mwaka ujao mrudi mwangalie kama umesogea. Piga picha mkisimama pale pale. Hizo picha mbili zitamfunza kuliko hotuba yangu.

Sasa mambo ya usalama, na hapa naomba usisome kwa haraka.

Asubuhi ziwa huwa tulivu. Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka, kwa hiyo panda mashua mapema na uwe umeshuka kabla ya saa sita au saa saba. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, limefungwa, kabla ya kuingia. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akianguka, si msaada. Kama hakuna la saizi yake, tembeeni ufuoni na mrudi siku nyingine. Najua mtalia wote wawili. Afadhali.

Uliza pia kuhusu magugumaji. Mmea huu wa Amerika Kusini ulionekana ziwani kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na tangu hapo huzunguka na upepo. Asubuhi njia ni wazi, mchana zulia la kijani limeziba kila kitu, na mashua hukwama ndani yake kwa saa nyingi. Wavuvi husoma upepo vizuri. Wakisema leo hapana, usibembeleze wala usiongeze pesa.

Kiboko si kivutio cha kusogelewa. Kuna abiria wanaomsukuma nahodha afike karibu ili picha itoke safi. Usiwe mmoja wao, na nahodha akianza mwenyewe, mwambie waziwazi arudi nyuma. Mwenye mtoto ndiye mkali zaidi. Kiboko hutoka majini kula usiku, kwa hiyo giza likianza kuingia familia isiwe inatembea kwenye nyasi za ufuoni.

La mwisho ni kichocho. Minyoo yake hukaa kwanza ndani ya konokono wadogo walio kwenye mimea ya kando ya ziwa, kisha hutoka majini na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi, hasa jua likiwa juu. Haijalishi maji yanaonekana safi. Mtoto asiogelee, asichezee maji ya pembeni kwa miguu mitupu, na viatu vya mpira vya mvua si aibu. Kama tayari ameingia, au anaishi karibu na ziwa na hulalamika tumbo au huona damu chooni, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inatibu. Hatari ni kuacha miaka ipite.

Mengine ni madogo. Kofia, maji ya kunywa, nguo za mikono mirefu, daftari na penseli badala ya simu yako. Nguo nyekundu na manjano zinazong'aa huwatisha ndege, ingawa ukiwa na watoto watano wanaobishana rangi ya nguo haina maana tena. Tafuteni mwelekezi kijana wa pale pale Dunga, na mkubaliane bei, muda na njia kabla ya kuanza. Kama kuna njia ya mbao ya kuingia mafunjoni, uliza kwanza kama inapitika, maana maji huiharibu. Na mwambie mwelekezi umri wa watoto. Wengi wao wamezoea watalii wanaotaka kuandika orodha ya ndege, na watafurahi kuambiwa kwamba leo wageni wanataka kamongo na vyura tu.

Na samaki, kama nilivyoahidi. Wakaangaji wa ufuoni huanza na anayeagiza kwanza, na Jumapili foleni huwa ndefu. Mchague ngege wenu asubuhi mkifika, mseme mnataka wa kukaanga au wa mchuzi, na ugali wa watu wangapi. Mkishuka mashuani njaa ikiwa imewabana, atakuwa anatolewa kwenye mafuta.